Nyama ya Siku ya Pili

Jua lilikuwa halijaupanda ukuta wa Beth-Sene, na Uzai alikuwa ameshawakataa kondoo wawili. Wa kwanza alikuwa na kovu sikioni ambalo mwenye kondoo alilipaka masizi, akidhani mkaguzi ni kipofu. Wa pili alichechemea, na bado mwenye mali akaapa kwamba ni uchovu wa safari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Uzai tangu ujana wake. Alikuwa Mlawi, na hakuna mnyama aliyepanda madhabahuni pale mjini bila kupita kwanza kwenye vidole vyake. Alikuwa amempanua kinywa kondoo wa tatu, anamtazama meno, Naara alipomjia mbio, mtandio uko mkononi badala ya kichwani.

"Baba Uzai, mwache huyo mnyama. Njoo unikagulie mume wangu kabla hawajamuua."

"Mumeo alikaguliwa jana, Naara. Kura ilimkagua."

"Basi ikague kura!"

Uzai aligeuka huku na huku kuangalia kama kuna aliyesikia. Maneno kama hayo hayakusemwa ovyo Beth-Sene. Jana, siku ya kwanza ya sikukuu ya mwezi mwandamo, mji mzima ukiwa mahali pa juu unakula nyama ya nadhiri, mtu mmoja alikuja anapiga mayowe kwamba Zabudi, mwenye mizabibu, yumo ndani ya shinikizo la zabibu, kichwa kimepasuliwa. Wazee hawakungoja hata mchuzi upoe. Waliita kura palepale mbele ya madhabahu. Vigae vikatikiswa chunguni, ukatoka ukoo, ikatoka nyumba, likatoka jina la Itai mfinyanzi, mume wa Naara. Sasa Itai alikuwa ndani ya birika kavu, shimo la kuhifadhia maji nyuma ya lango, na jua likifika utosini angepigwa mawe. Aliyebishana na kura alihesabiwa kuwa amebishana na BWANA, na mawe yangetosha kwa wawili.

"Mwenyewe anasemaje?" Uzai aliuliza, sauti ameishusha.

"Anasema hakumgusa. Ni kweli walitukanana wiki iliyopita, mbuzi wa Zabudi walimvunjia vyungu kumi na viwili, na mimi nilitukana kuliko yeye. Ndiyo maana jina lilipotoka hakuna aliyeshangaa. Lakini nijibu kitu kimoja, baba yangu. Jana ulikwenda kwenye shinikizo. Uliona nini?"

Uzai alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, hakusogea zaidi. Mlawi akigusa maiti, hagusi dhabihu siku saba. Lakini macho yake yalikuwa yamefanya kazi hata kwa mbali.

"Niliona mifereji miwili ardhini," alisema. "Visigino. Zabudi aliuawa kwingine akaburutwa mpaka pale."

"Aliyemburuta alimgusa."

"Lazima."

"Basi huyo ni najisi. Siku saba."

"Siku saba, ndiyo."

"Na Itai jana alikula nyama ya nadhiri! Mbele yako! Kwa mikono miwili, akaomba aongezewe, mpaka nikamfinya kwa aibu!"

Uzai alimwachia kondoo, naye kondoo hakusubiri kuambiwa mara mbili.

"Mwuaji hatajali unajisi, Naara. Mtu ameshaua."

"Nitajie mtu mmoja wa mji huu asiyejali. Mmoja tu."

Alijaribu kumtafuta huyo mmoja na hakumpata. Watu wa Beth-Sene waligombana, walisengenyana, walisogeza vipimo sokoni, lakini kula kitu kitakatifu ukiwa najisi ilikuwa habari nyingine. Aliyefanya hivyo alikatiliwa mbali na watu wake, yeye na jina lake. Hata wezi waliliogopa jambo hilo.  Uzai alikuwa ameona kilema katika hukumu ile, na akishaona kilema hakulala mpaka akipate.

"Nenda ukakae mdomoni mwa birika," alimwambia. "Usibanduke. Wakianza kumtoa kabla sijarudi, piga kelele mpaka vijiji vya jirani visikie."

"Hiyo naiweza," alisema Naara, akaondoka mbio.

Yamini, ndugu wa marehemu Zabudi, alikuwa kwenye hema nje ya ukuta. Yeye ndiye aliyembeba Zabudi kwenda kaburini, kwa hiyo siku saba zake zilikuwa zimeanza, na zilikuwa halali.

"Simama hapo hapo!" alipaza sauti. "Mimi ni najisi."

"Najua. Nionyeshe joho alilokuwa amevaa marehemu."

"Umekuja kukagua joho? Halina pembe wala kwato, Uzai. Rudi kwa mbuzi wako. Mtu wenu mmeshampata, mwacheni ndugu yangu apumzike."

"Na kama si mtu mwenyewe?"

Yamini aligeuka. Aliingia hemani, akatoka na joho, akalitandaza juu ya kichaka cha miiba, kisha akarudi nyuma. Uzai alisogea, mikono ameifumbata kifuani kama mtu anayesikia baridi, asije akajisahau akaligusa.

"Ligeuze. Upande wa mgongoni."

Yamini akaja, akaligeuza. Kutoka mabegani mpaka kwenye pindo kulikuwa na tope lililokauka.

"Tema mate hapo, usugue kwa kidole."

"Unanitania?"

"Sugua, Yamini. Jua linapanda."

Yamini alitema na kusugua. Tope lililainika likawa jekundu, jekundu la kutosha kutia rangi uzi. Wanaume wawili waliinama kulitazama. Udongo wa Itai mfinyanzi ulikuwa mweupe, uliganda kwenye kucha zake na kope zake na hata kwenye mkate wake. Na shinikizo lenyewe lilichongwa kwenye mwamba mtupu, na vumbi lililolizunguka lilikuwa la kijivu.

"Udongo huu uko wapi?" Uzai aliuliza, ingawa alijua.

"Huko juu tu. Matuta ya mwisho."

"Zabudi alifuata nini huko?"

"Jiwe la mpaka. Juzi, jua likiwa linashuka, aliniambia kuna jiwe limetembea."

"Limetembea?"

"Hatua saba ndani ya shamba letu, alisema. Nikamwambia mawe ya huko juu yana miguu. Tulicheka." Yamini alijifuta kidole kwenye majani. "Nikamuuliza ni la nani. Hakunitajia. Alisema ataongea na mwenyewe kwanza, asimwaibishe mbele za watu. Ndugu yangu alikuwa mtu wa namna hiyo, na nimemkasirikia mpaka sasa."

"Mashamba ya huko juu ni ya watu wangapi?"

"Watano." Kisha sauti ikabadilika. "Uzai. Unamtafuta mtu?"

"Namtafuta mtu aliyeburuta kitu kizito."

Kuhani Buki alikuwa nyuma ya madhabahu anazoa majivu kwa koleo la shaba. Alikuwa mzee, magoti yamemchosha, na siku ya pili ya sikukuu kila mara ilimkuta ana usingizi.

"Kondoo wa asubuhi yuko wapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Amekimbia. Mzee wangu, jana uliuliza swali gani?"

"Nilitikisa vigae. Ulikuwepo."

"Kabla ya vigae. Uliingia chumbani ukiwa umevaa naivera, ile nguo ya ukuhani. Ulikaa sana huko. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na njaa."

Buki aliendelea kuzoa majivu mahali palipokwisha kuwa safi.

"Mzee Buki."

"Niliuliza kwa mawe," alisema kuhani.

Mawe hayo mawili yalikaa mfukoni mwa naivera, jeupe la ndiyo na jeusi la hapana. Kuhani aliuliza, akatia mkono, akatoa mara tatu. Yakikubaliana mara zote tatu, BWANA amejibu. Yakitofautiana, BWANA amenyamaza, na kila kuhani alifundishwa tangu utoto kwamba Mungu akinyamaza mtu naye ananyamaza.

"Uliuliza nini?"

"'Je, nipige kura juu ya watu hawa?' Nikatoa jeupe. Nikatoa jeusi. Nikatoa jeupe." Buki aliliweka koleo chini. "Nikarudia. Vilevile."

"Na ukatoka ukatikisa vigae!"

"Wazee walikuwa wanagonga ukuta kwa fimbo! Watu mia wanalia, nyama inapoa, damu ya Zabudi iko chini! Ningetoka niwaambie nini? Kwamba Mungu hana la kusema?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo! Chungu cha vigae hakijui kunyamaza, mzee wangu. Tia majina humo, jina litatoka. Ungetia majina ya kondoo, angetoka kondoo, na sasa hivi tungekuwa tunampiga mawe."

Buki aliketi kwenye ngazi ya madhabahu.  Uzai akapunguza ukali.

"Uliuliza juu ya watu hawa. Watu waliokuwepo. Ni nani ambaye hakuwepo?"

"Mji mzima ulikuwepo."

"Tuhesabu mafungu. Nyama ya nadhiri kila nyumba hupewa fungu lake, mkononi mwa baba wa nyumba. Yalibaki mangapi?"

Kuhani alihesabu kwa vidole. "Ukiacha la Zabudi, matatu. La yule binti aliyejifungua juzi, mumewe yuko safarini. La mwenye ukoma wa nje ya lango. Na la Ahumai."

"Ahumai!"

Huyo Ahumai alikuwa mcha Mungu wa kupindukia. Watu walimtania kwamba huosha mikono kabla ya kwenda kuosha mikono. Mtu akichinja karibu na nyumba yake, alikuja kuangalia kama damu imefunikwa vizuri.

"Alituma habari jana alfajiri," alisema Buki. "Mjusi mfu kaangukia mtungi wake wa maji, naye kayagusa yale maji. Najisi mpaka jioni. Ni sheria."

"Alituma alfajiri. Maiti ilionekana saa ngapi?"

"Mchana." Kuhani alimkazia macho. "Uzai, usinitazame hivyo. Yule ni mtu wa Mungu."

"Shamba lake liko wapi, mzee wangu?"

Buki aliinua macho kule juu. Wote wawili walikuwa wamewahi kupanda matuta ya mwisho kula zabibu zake.

"Lile fungu lake unalo?"

"Limo ndani, limefunikwa. Linaliwa leo mpaka jua lishuke."

"Usilitupe. Narudi."

Nyumba ya Ahumai ilikuwa ya tatu kutoka kisimani. Hela, mkewe, alikuwa uani anasaga, mtoto mdogo anachezea unga pembeni yake.

"Amani kwako, Mama Hela."

"Amani, Baba Uzai. Kama unamtaka mwenyewe, kaenda langoni mapema. Kachagua na jiwe kabisa."

"Nataka maji tu. Nimekimbia asubuhi nzima."

"Kwa miguu hiyo?" Hela alicheka, akainuka, akachota kata ya maji kutoka kwenye mtungi uliosimama kivulini. Ulikuwa mkubwa, shingo ndefu, na mistari ya rangi begani.

Uzai alikunywa polepole. "Mtungi mzuri. Kazi ya Itai?"

"Itai alikuwa hajazaliwa! Huu ni wa mama yangu, nilikuja nao siku ya harusi. Mtu akiuvunja hapa tutauana."

"Ndio mnaotumia kila siku?"

"Tunao huu mmoja. Kwani sisi wafalme?"

"Wadudu hawaingii? Kwangu mijusi inatusumbua kweli."

"Funika. Mimi tangu niolewe sijaokota humo hata sisimizi."

Kata ilitulia mdomoni mwa Uzai. Chombo cha udongo kikiangukiwa na mjusi mfu hakioshwi wala hakianikwi. Kinavunjwa siku hiyohiyo, na vipande vinatupwa. Mtoto wa miaka sita alilijua hilo, sembuse Ahumai.

"Mzee hajambo?" aliuliza. "Jana hatukumwona kwenye nyama."

"Yule! Tangu juzi jioni ana mambo yake. Kalala darini peke yake. Kajitengea bakuli. Huyu mtoto akimkimbilia, anainua mikono juu kama kaona nyoka. Nikamwambia, kama umenichoka sema. Akasema ana mafua."

"Mafua ya mikono?"

"Ndivyo nilivyomwambia! Na tumbo lake halina mafua hata kidogo. Leo kala mikate mitatu na zeituni, karamba na mafuta ya bakuli."

Uzai alirudisha kata na kushukuru. Alimhurumia sana yule mama, aliyekuwa amesimama juani anatabasamu na hajui ametoka kusema nini. Kivuli cha Uzai kilikuwa kimebaki kifupi miguuni. Alikwenda mbio kumfuata Buki.

"Akiishika hii nyama naye ni najisi, itabidi ichomwe," alisema kuhani walipokuwa wanateremka, sinia mikononi mwa Uzai, Buki nyuma yake anahema. "Na wakiona tumeichezea nyama ya BWANA?"

"Mawe waliyookota yanatutosha wote. Twende, mzee."

Walimsikia Naara kabla ya kuliona lango. Alikuwa amekaa kwenye mdomo wa birika, miguu ameining'iniza ndani, anawatukana wazee mmoja mmoja kwa jina la baba yake. Vijana wawili waliotumwa kumtoa mfungwa hawakujua waanzie wapi. Watu walibanana bega kwa bega mpaka kwenye vibanda vya soko. Ahumai alikuwa mstari wa mbele, mrefu, ndevu zimechanwa, jiwe mkononi. Na katika msongamano wote ule, alikuwa amejitengea nafasi ya urefu wa mkono kila upande. Mtu akimsogelea, alisogea.

"Simameni!" Uzai alipaza sauti. "Kuna fungu halijaliwa!"

Mkuu wa wazee aligeuka. "Uzai, hapa tunaua mtu, wewe unatuletea kitoweo?"

Watu walicheka. Uzai aliwaacha wacheke huku anapenya.

"Nadhiri ilikuwa ya mji mzima, mzee wangu, na fungu la mmoja aliyepo hapa limebaki. Mji hauwezi kuhukumu wakati nadhiri yake haijakamilika. Mzee Ahumai! Jana ulikuwa najisi mpaka jioni. Jioni imepita. Karibu."

Akamsukumia sinia kifuani.

Jiwe lilianguka. Mikono yote miwili ya Ahumai ilikimbilia mgongoni, na yeye mwenyewe akaruka nyuma hatua mbili. Ilitokea upesi mno, hata waliokuwa wanacheka walinyamaza bila kujua kwa nini.

"Nimefunga," alisema Ahumai. "Namlilia Zabudi."

Watu waliguna kwa heshima.

"Umefunga tangu lini?"

"Tangu jana."

"Basi hayo mafuta ya zeituni kwenye ndevu ni ya nani? Mikate mitatu asubuhi hii, mzee wangu. Mafungo ya namna hiyo hata mimi nayaweza."

Kicheko kilirudi. Ahumai alibadilika rangi, lakini hakuwa mtu mjinga. Alinyoosha shingo, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Nilitaka kumwokoa Mlawi huyu na aibu, hataki. Hiyo nyama ni ya jana! Dhabihu ya shukrani hailali mpaka asubuhi. Mnataka kunilisha machukizo hadharani?"

Lilikuwa pigo zuri. Minong'ono ilienea, na mkuu wa wazee akamgeukia kuhani, uso umekunjamana. Buki alikuwa bado anahema. Alimtazama mzee, akatazama fimbo ileile iliyogonga ukuta jana.

"Si ya shukrani," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni ya nadhiri. Niliichinja mimi, nikaitamkia mimi. Inaliwa leo. Na kuna jambo nilipaswa kuwaambia jana, nikaogopa. Kabla ya vigae niliuliza kwa mawe. Mara mbili. Yalinyamaza."

Kelele zilizozuka zilimfanya hata Naara aache kutukana. Mkuu wa wazee alipiga fimbo chini mara tatu.

"Basi leo pia ni najisi," Ahumai alisema haraka. "Imenipata usiku. Siwezi kula."

"Mjusi mwingine?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Yule wa jana kwanza," alisema Uzai. "Alianguka mtungini. Wewe, mzee Ahumai, ambaye hutufundisha sisi sheria, uliufanya nini huo mtungi?"

Ahumai aliinamisha macho.

"Nimetoka kunywa humo sasa hivi. Ni mzima, shingo na masikio yake. Mkeo anasema hajawahi kuokota humo hata sisimizi." Uzai aliwageukia wazee. "Mgongo wa joho la Zabudi una udongo mwekundu wa matuta ya mwisho. Juzi jioni alipanda kwenda kuzungumza na mtu ambaye jiwe lake la mpaka limetembea hatua saba. Huko ndiko alikouawa, na akaburutwa mpaka shinikizoni, mbali na shamba hilo. Aliyemburuta ni najisi siku saba. Halali na mkewe, habebi mtoto wake, na hawezi kusimama mbele ya madhabahu. Jana wote tulisimama. Itai alisimama, akala, akaomba tena."

"Maneno," alisema mkuu wa wazee polepole. "Udongo kila mtu anao viatuni. Mtungi ni habari ya wanawake. Lakini nyama ni nyama." Alimnyooshea Ahumai fimbo. "Kula. Kipande kimoja. Ukila, Uzai atamfuata Itai birikani, na mimi nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Uzai aliinua sinia.  Kipande cha bega, kilichochemshwa, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Ahumai angeweza kukimeza kwa mara moja. Nani angejua? Hakuna shahidi aliyemwona huko juu.

"Kula tu, bwana!" rafiki yake mmoja alimsihi. "Kula tuondoke!"

Mkono wa kulia ulitoka mgongoni. Ulisogea, vidole vimenyooshwa, mpaka ukabaki upana wa kiganja kati yake na nyama. Hapo ukasimama. Jasho lilimtoka Ahumai mpaka kwenye ndevu. Watu wote walikuwa wanautazama ule mkono.

Ukarudi.

"Siwezi," alisema. "Nitakatiliwa mbali na watu wangu."

Mkuu wa wazee alimsogelea hatua moja. "Na Zabudi je, Ahumai?"

"Alinishika joho, akaniambia nirudishe jiwe. Nilimsukuma. Alipoinuka nilikuwa nimeshaokota lingine." Alisema huku anaitazama nyama. "Jana niliposikia kura imemwangukia Itai, nilipiga magoti darini nikalia kwa furaha. Nilisema BWANA amejichagulia mbuzi wake, mimi ameniacha niende zangu."

 Yamini, aliyekuwa amesimama mbali nje ya lango na unajisi wake, alikaa chini mavumbini akafunika uso. Wazee walianza kubishana kwa sauti za chini: kama kura ifutwe kwanza au mfungwa atolewe kwanza, na nani atamke, na kwa maneno gani.

Naara hakuwangojea. Alikuwa ameshamnyang'anya kijana mmoja kamba, akaizungusha kiunoni mwake, akaitupa ncha yake ndani ya birika na kukanyaga ukingo kwa miguu yote miwili.

"Ndio wamekuja?" Itai aliuliza kutoka gizani.

"Ni mimi," alisema Naara. "Shika."